Picha ya Bi Zuweina

Bi Zuweina bint Amur alikuwa na sharti moja katika kazi yake, na sharti hilo ndilo lililokuwa mtaji wake: picha iliyopigwa ndani kwa wanawake haitoki nje. Harusi za Chake Chake, na za shamba pia, zilikuwa na wapiga picha wanaume, nao walikuwa na uwanja wao. Walipiga msikitini bwana harusi akishikana mkono na walii, wakapiga magari, wakapiga masahani ya biriani. Lakini chumba cha biharusi, siku ya kupambwa, nywele zimefumuliwa na mabega yako wazi, kiliingiwa na kamera moja tu, nayo ilikuwa ndani ya mkoba wa ukindu wa Bi Zuweina.

Alizisafisha picha mwenyewe kwenye mashine yake, akazipanga kwenye albamu mwenyewe, akamkabidhi biharusi mkononi. Cha kwenye kompyuta hakumpa mtu, aombwe vipi. Albamu zikaenda kukaa makabatini chini ya kanga, na funguo zikaenda kunakojulikana na wenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hata katika miaka ile mibaya ya uchaguzi, jirani haendi harusi ya jirani kwa sababu ya rangi ya bendera, Bi Zuweina aliitwa pande zote mbili, akaingia, akapiga, akatoka na mdomo wake umefungwa.

Yeye mwenyewe hakuwa na picha ya siku yake. Alipoolewa, mpiga picha wa kuitwa alikuwa mmoja tu mjini, mwanamume, na marehemu baba yake alisema afadhali harusi isiwepo kuliko kamera ya huyo kuvuka kizingiti. Harusi ikawepo, kamera isiwepo. Ndoa nayo haikudumu: mume alikwenda Maskati kutafuta, akapata, akatuma talaka. Watu hupenda kusema kuwa ndiyo maana akanunua kamera. Yeye akisikia hujibu kwamba alinunua kamera kwa sababu alitaka kula.

Basi mwaka wa pili baada ya maridhiano ya vyama, bendera zimetulia na watu wameanza kualikana tena, Ummi, fundi cherehani wa duka la pili, aliingia dukani kwa Bi Zuweina na simu yake ya kupangusa.

"Bi Zuweina, hebu tazama. Kazi ya nani hii?"

Ilikuwa tovuti ya Qais, yule mwenye ukumbi wa harusi, anayekodisha viti, mapambo na kiti cha kifalme cha biharusi. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na picha ya mwanamke aliyegeuza mgongo. Nywele zilimwagika mpaka kiunoni, mikono miwili iliyochorwa piko imeinuliwa kisogoni ikifunga kikuba cha asumini, na mabega wazi. Uso haukuonekana. Rangi ilikuwa imeondolewa, imebaki nyeusi na nyeupe, na kwa kweli ilikuwa imependeza.

Bi Zuweina aliijua papo hapo, kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Alimjua na mwenye mgongo.

"Nani huyu?" aliuliza Ummi.

"Miye ntajuaje, na kapiga kisogo?"

Ummi hakuuliza tena, ila mji mzima uliuliza kwa niaba yake. Kabla ya wiki kwisha, nyumba mbili zilizokuwa zimemweka Bi Zuweina kwa harusi zao zilituma salamu kwamba hawamhitaji tena, wamepata mtu wa ukoo. Hakuna aliyemshutumu. Kwetu mtu hashutumiwi, huachwa tu. Na yeye alielewa vizuri hesabu ilivyokaa: picha ya chumba cha ndani imetoka, mpiga picha wa chumba cha ndani ni mmoja, basi aliyeitoa ni yeye. Isipofahamika vinginevyo, kamera ile ingeuzwa na mkoba ukarudi kubebea mboga.

Alivaa buibui lake akenda kwa Qais.

Qais alikuwa kijana wa adabu, na adabu hiyo ilimkinga na mengi. Alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu, kimoja katika vile vya kukodisha.

"Shikamoo Bi Zuweina."

"Marahaba. Qais mwanangu, picha ile yangu."

"Ipi?"

"Ile uliyoitundika huko kwenye mtandao ikaonwa na dunia nzima."

"Ah, ile." Qais alitabasamu. "Ile tumepewa na mwenyewe. Mwenye picha kaileta hapa kwa mikono yake."

"Mwenye picha ni miye."

"Haiwezi kuwa, Bi Zuweina. Usinifahamu vibaya. Mwenye picha ni msichana."

"Huyo ni aliyemo. Mwenye picha ni aliyepiga."

"Sasa ntu akiwa na picha yake, akisema hii picha yangu, mie nimwambie si yako?"

Hapo wakazunguka kama ngamia wa kinu. Kila mmoja alisema picha ya nani, na kila mmoja alikuwa na haki, kwani Kiswahili kimetupa neno moja kwa watu wawili: picha yangu niliyomo, na picha yangu niliyoipiga. Siku zote neno hilo halijagombanisha mtu, maana picha zilikuwa kabatini.

Mwisho Qais alimwita dada yake Ghada, ambaye ndiye aliyeitengeneza tovuti. Ghada alitoka nyuma ya pazia, mikono ina gundi ya maua ya plastiki.

"Kaja nayo mwenyewe," alisema Ghada. "Nikamuuliza ya nani, kasema yangu. Nikamuuliza tuiweke, kasema iwekeni. Nikaipiga skana, nikaiondoa rangi. Nimekosa wapi?"

Jina hakulitaja mbele ya kaka yake. Bi Zuweina alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo, kisha akakasirika, maana jina hilo ndilo lingemtoa yeye matopeni.

Kutoka hapo alikwenda kwa Bwana Khatib, afisa wa sanaa, ambaye mambo ya hakimiliki yalikuwa yamepachikwa juu ya kazi zake nyengine. Mpaka siku hiyo alikuwa ameamua kesi za nyimbo tu, na zote zilikuwa za watu wawili kudai beti moja. Tovuti ilimfurahisha. Alivuta kiti.

"Sheria haina tabu," alisema. "Mwenye picha ni aliyepiga. Asiyepewa idhini na huyo hana ruhusa ya kuitumia."

"Na aliyemo?"

"Aliyemo?" Khatib alifikiri. "Katika karatasi zangu hizi, aliyemo hayumo."

Bi Zuweina alilipindua neno hilo kichwani. Aliona kuwa ni la kipumbavu, na aliona pia kuwa litamfaa. Haya ya yule mwanamke, mabega yake, nyumba yake, vyote hivyo sheria ya Khatib haikuvijua. Ilichokijua ni kidole kilichobonyeza kamera. Kama picha ile ingeshuka, ingeshuka kwa kidole chake.

"Lakini nataka uthibitisho," alisema Khatib. "Niletee ile ya asili, na zile zilizopigwa kabla yake na baada yake, zifuatane."

"Zilizofuatana zina uso."

"Mimi ni afisa, Bi Zuweina."

"Na mwanamume pia."

Khatib alikohoa. Bi Zuweina akatoa kompyuta mkobani, akafungua ile moja tu, na kabla hajamgeuzia kioo akaweka kiganja chake juu ya mabega ya mwanamke yule, akayaziba. Palibaki nywele, mikono na maua. Nyuma yake pazia lilikuwa la kijani, na katikati ya kikuba palikuwa na mrehani na waridi moja jekundu, vitu ambavyo kwenye tovuti ya Qais vyote vilikuwa majivu.

"Yao imekufa rangi," alisema. "Na wamekata pembeni. Pazia lote analo nani kama si aliyekuwamo chumbani?"

Khatib alitazama kiganja kile muda mrefu kuliko alivyoitazama picha. Akasema inatosha, na kwamba atampigia Qais.

Siku ya pili yake asubuhi, duka lilipofunguliwa tu, aliingia msichana amejifunika mpaka puani. Alikuwa Mwatum, mke wa Usama wa Kengeja. Alipoufungua uso, Bi Zuweina aliona kuwa amelia njia nzima.

"Miye ndiye niliyeipeleka," alisema Mwatum.

"Najua."

"Nikwambie nini? Mama mkwe, Bi Mwanawema, kaonyeshwa kwenye simu ya wifi yangu. Kasema nywele hizi mie nazijua, nimezipaka mafuta kwa mkono wangu. Usama kaniuliza, nikaapa si miye. Hajaniamini. Kasema akijua kweli ni miye, nirudi kwetu."

"Na weye ulifikiri nini, Mwatum? Ulifikiri Kengeja hakuna simu?"

Mwatum alichezea ncha ya mtandio.

"Nilitaka nijione pahala pasipokuwa kabatini," alisema. "Tangu siku ile ya harusi naamka nasonga sima, natoka nakwenda shamba, narudi. Nikifungua albamu nafungua peke yangu, mlango nimeufunga. Ghada kanambia wataiona watu wa Ulaya. Nikasema hewala, uso haumo. Kila siku nikiazima simu ya wifi nikaingia kutazama, nikasema, hebu muone yule."

Bi Zuweina alikasirika, na hakuificha hasira yake. Alimwambia kuwa kwa ajili ya kujitazama kwake, yeye Bi Zuweina amepoteza harusi mbili na zinazofuata, kwamba jina la miaka yote limevunjwa na kitoto kisichojua kufunga mdomo, na kwamba neno moja tu, jina lake tu, akilisema kwa Ummi hapo mlango wa pili, ataamka kesho kazi yake imerudi. Mwatum alisikiliza yote. Hakuomba. Laiti angeomba ingekuwa rahisi kumkatalia.

"Nenda kwako," alisema Bi Zuweina. "Sijakuahidi kitu."

Na kweli hakuwa amemuahidi. Mchana kutwa alikaa na neno lile mdomoni kama kokwa ya tende, hajalitema, hajalimeza.

Khatib na Qais, kwa upande wao, walimaliza mambo kiungwana. Qais hakuiogopa sheria, mfanyabiashara gani wa kwetu anaiogopa? Alichokiogopa ni kuitwa mtu aliyemgombeza mama wa watu. Akakubali kuishusha picha, na kwa sababu Khatib alisema utaratibu unataka taarifa, akakubali na taarifa. Aliiandika mwenyewe, kwa adabu zake zote, akaiweka pale pale palipokuwa na picha:

"Picha ya Bi Zuweina bint Amur iliyokuwa ukurasa huu iliwekwa bila ya idhini yake. Tunamtaka radhi yeye pamoja na familia yake."

Bi Zuweina alisomewa kwa simu. Akasema ni sawa, akashukuru, akarudi kwenye kazi chache alizobakiwa nazo. Alichokisikia kilikuwa sawa kabisa.

Ijumaa baada ya sala, Ummi aliingia mbio, mkono ameuziba mdomoni.

"Kumbe weye!"

"Kumbe miye nini?"

"Biharusi! Mji mzima unasema. Picha ya Bi Zuweina, imeandikwa, Qais kaomba radhi. Ya ujana wako, nyeusi na nyeupe, za zamani zile. Na nywele zako tunazijua sie tuliokuona. Shoga, ulikuwa na mgongo!"

Bi Zuweina alifungua mdomo kumsahihisha. Neno lilikuwa tayari: picha yangu niliyoipiga, si niliyomo. Kisha akauliza kitu chengine.

"Na wa Kengeja wanasemaje?"

"Kengeja? Kengeja nako wanasema hivyo hivyo. Bi Mwanawema keshamtaka radhi mkwewe. Kasema macho yake yamekuwa ya kizee."

Alasiri hiyo Ghada alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya wageni.

"Bi Zuweina, kaka kaandika vibaya. Watu wanafahamu vyengine. Nakwenda kutia 'iliyopigwa na', maneno mawili tu, yatakaa sawa."

Dukani hapakuwa na mtu. Bi Zuweina alitazama mkoba wake uliotundikwa msumarini.

"Wacha kama ilivyo," alisema.

Sasa usidhani aliponea bure. Kazi ilirudi, hilo ni kweli, tena ilirudi na huruma: maskini Bi Zuweina, katunza siri za wenziwe, na yake ndiyo iliyovujishwa. Zile nyumba mbili zikagundua kuwa mtu wa ukoo hajui kupiga. Lakini vijana wa sokoni walianza kuimba nyimbo za harusi akipita. Mgane mmoja wa Micheweni, mkulima wa mwani, alituma mtu kuulizia kama yumo ndani ya ndoa, na mjumbe alikiri kuwa sababu ni nywele. Hayo yote aliyabeba, mengine akayacheka. Lililomuuma ni Maher.

Maher alikuwa kaka yake mkubwa, muuza vitambaa, mtu ambaye imamu akiugua husalisha yeye. Kila siku baada ya laasiri hukaa baraza la kahawa lililokabili duka la dadake, na kila siku kabla ya kukaa humpitia, humsalimia, humuuliza amekula nini. Tangu taarifa ile itoke alikaa barazani moja kwa moja, mgongo ameulekeza dukani. Wenzake waliacha kutaniana wakimwona anakuja. Bi Zuweina aliona yote kupitia mlangoni, na aliona haya kwa jambo ambalo hakulifanya, na haya ya namna hiyo haina dawa.

Siku moja Maher alivuka njia. Aliingia, akasimama, kiti akakikataa.

"Zuwe," alisema. "Ile picha, yako?"

"Yangu."

Hakusema uwongo. Alijua atakavyofahamika, akamtazama usoni alipokuwa akisema.

Maher alitikisa kichwa polepole. Akaitazama kalenda ukutani, akaitazama sakafu.

"Siku yako miye ndiye niliyesimama mlangoni," alisema. "Baba kaniweka. Kasema yule mwenye kamera akija, asipite."

"Hakupita."

"Na kamera nyengine haikuwapo."

"Haikuwapo."

"Na baadaye? Hukujipamba tena ukapigwa?"

"Kwa nani, kaka?"

Bi Zuweina aliogopa kuliko alivyoogopa siku zote hizo, kwa sababu katika mji mzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuwa picha ile haiwezi kuwa yake, na mtu huyo sasa amesimama mbele yake akiwaza. Angesema neno moja pale barazani ili aisafishe heshima yake, na nyumba moja ya Kengeja ingebomoka.

"Huyo aliyemo," alisema Maher, "ana mume?"

"Anaye."

"Na ntoto anaye?"

"Ndiyo kwanza kaolewa."

Maher alivuta pumzi. Akanyoosha kofia yake, ambayo ilikuwa imenyooka.

"Umekula nini leo?" aliuliza.

"Muhogo na papa."

"Haya."

Alitoka, akavuka njia mpaka barazani. Msellem muuza kahawa alimmiminia kikombe, na kwa kuwa Msellem ni mtu asiyeweza kukaa na swali tumboni, akaliuliza lile ambalo wenziwe walikuwa wakilizunguka tangu Ijumaa.

"Shehe Maher, usinifahamu vibaya. Ile picha wanayoisema watu, kweli ndiyo?"

Bi Zuweina alisimama nyuma ya mlango wake. Alisikia kikombe kikiwekwa sahanini.

"Picha ya dada yangu," alisema Maher kwa sauti ya kusalisha, mpaka wa sokoni wakasikia. "Nani ana neno?"

Machozi yalimtoka Bi Zuweina, akayaacha yashuke. Maher akaagiza kikombe cha pili, jambo asilokuwa na ada nalo, akageuza kiti kikalikabili duka, akakaa hapo mpaka adhana ya magharibi, ili kila mwenye swali apate nafasi ya kuliuliza.